Kununua nyumba Digodigo: Kuta ni za muuzaji, ardhi na maji vina wenyewe

Mfanyabiashara anayekwenda Digodigo, wilayani Ngorongoro, msimu hadi msimu kununua mazao hufika mahali akachoka kulipia chumba na stoo ya kukodi. Siku moja anaonyeshwa nyumba. Ni ya tofali za kuchoma, ina bati, na chumba kimoja kinatazama njia kiasi kwamba kinaweza kufanywa fremu ya duka. Bei, tuseme, ni sh. milioni 12. Muuzaji yupo, funguo anazo mkononi, na dalali anasema wapo wateja wengine wawili wanaokuja Jumamosi.

Hapo ndipo akiba ya miaka mingi inapoweza kupotea kwa mchana mmoja. Mnunuzi hukagua bati, hugonga ukuta, huchungulia choo, kisha hutoa kishika uchumba. Amekagua nyumba, lakini hajakagua kile anachouziwa.

Kwa sheria ya Tanzania ardhi yote ni mali ya umma, Rais akiwa mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Anayenunua nyumba ananunua jengo pamoja na haki ya kuitumia ardhi iliyo chini yake. Haki hiyo ikiwa na kasoro, jengo linabaki kuwa rundo la tofali katika eneo la mtu mwingine. Asiye raia wa Tanzania hana nafasi kabisa katika biashara ya namna hii, kwa kuwa sheria humruhusu kupata ardhi kwa ajili ya uwekezaji ulioidhinishwa tu.

Mnunuzi aliyezoea Karatu mjini hukosea kwa sababu anakwenda Digodigo na kipimo cha Karatu. Kiwanja kilichopimwa mjini kina namba, ramani na hati ya miaka 33, 66 au 99. Mtu analipia upekuzi katika ofisi ya ardhi mkoani Arusha, anajibiwa mmiliki ni nani, kama kuna rehani ya benki, na kama kuna zuio la mahakama. Akimaliza hapo, amemaliza sehemu kubwa ya kazi.

Digodigo ni kijiji, na ardhi ya kijiji inaongozwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2001. Haki inayouzwa huko ni haki ya kimila. Mbele ya sheria haki hiyo haipungui hadhi kwa sababu ni ya kimila, na mwenye nayo hapotezi haki yake kwa kukosa karatasi. Kwa mwenyeji huo ni ulinzi. Kwa mnunuzi mgeni maana yake ni kwamba mwenye nyumba wa kweli anaweza kuwa mtu asiye na karatasi hata moja, wakati yule aliyeshika funguo na karatasi yenye mhuri si mwenye nyumba.

NANI ANAUZA

Swali la kwanza, kabla ya bei, ni namna muuzaji alivyoipata nyumba. Majibu ni machache: alijenga mwenyewe, alinunua, alipewa na wazazi, au alirithi. Kila jibu lina ushahidi wake. Aliyejenga anafahamika kwa majirani na kwa fundi. Aliyenunua ana mkataba wa kwanza, na mnunuzi auone na amtafute aliyeuza mara ya kwanza.

Jibu la nne ndilo la hatari zaidi. Nyumba ya marehemu haiuzwi na mtoto mkubwa kwa kuwa tu ni mkubwa. Anayeweza kuuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, kwa kawaida Mahakama ya Mwanzo, na barua ya uteuzi lazima ionekane. Hata kama barua ipo, ni busara warithi wote waitwe, watajwe katika mkataba na watie sahihi. Mdogo wa mwisho anayefanya kazi Arusha au Mwanza ndiye hurudi miaka sita baadaye akiuliza nani aliuza nyumba ya baba. Naye hajachelewa: muda wa kudai ardhi mahakamani ni miaka 12.

Kwa muuzaji mwenye ndoa, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inazuia nyumba ya familia kuuzwa au kuwekwa rehani na mwenzi mmoja bila ridhaa ya mwenzake. Kama mume ana wake wawili, kuna kazi ya kuuliza nani anaishi humo. Ridhaa iandikwe, na mke aulizwe akiwa mwenyewe, bila mume kumjibia. Wapo wanunuzi wanaoona haya kumwuliza mke wa mtu swali hilo. Haya hiyo inaweza kuwagharimu milioni 12.

KIKAO, SI MHURI

Ridhaa ya familia ikishapatikana, kinachofuata ni ridhaa ya kijiji, na hapa ndipo wengi hudanganyika. Sheria inataka uhamisho wa haki ya kimila uidhinishwe na halmashauri ya kijiji. Halmashauri ni chombo chenye wajumbe kati ya 15 na 25. Mwenyekiti peke yake si halmashauri, na mtendaji wa kijiji peke yake si halmashauri. Mhuri wao kwenye mkataba unaonyesha kwamba wameuona mkataba, wala hauthibitishi kwamba kijiji kimekubali.

Kwa hiyo mnunuzi aombe muhtasari wa kikao. Muhtasari halali una tarehe, mahudhurio yenye sahihi, jina la muuzaji na la mnunuzi, mahali nyumba ilipo, mipaka yake na uamuzi uliofikiwa. Kama kikao hakijakaa, mnunuzi asubiri kikae, hata dalali akisema wateja wa Jumamosi wako njiani. Mahakama ya Rufani ya Tanzania imekwisha kuamua zaidi ya mara moja kwamba mauzo ya ardhi ya kijiji bila idhini ya halmashauri ya kijiji ni batili. Mnunuzi wa namna hiyo hufukuzwa kwenye nyumba, kisha huanza kumtafuta muuzaji ambaye fedha ameshazitumia.

Kuna sharti jingine ambalo wafanyabiashara wa nje hulipita bila kuliona. Asiye mkazi wa kijiji anaweza kuhamishiwa haki hiyo ikiwa anakusudia kuhamia au kuanza shughuli zake hapo ndani ya miezi 3. Anayenunua ili afunge mlango na kungoja bei ipande ajue kwamba hoja hiyo inaweza kuibuliwa dhidi yake kikaoni. Halmashauri pia haitakiwi kuidhinisha mauzo yanayomnyima mwanamke haki yake ya ardhi, na hiyo ni sababu nyingine ya kumsikiliza mke kabla ya kikao.

Baadhi ya maeneo viongozi hudai asilimia 10 ya bei kama "haki ya kijiji". Hiyo si kodi iliyowekwa na Bunge. Kijiji kinaweza kuwa na ada katika sheria ndogo zake, na kama ipo, mnunuzi aonyeshwe sheria hiyo na apewe stakabadhi. Fedha inayopokelewa bila stakabadhi haitamsaidia mnunuzi siku ya shauri.

Ikiwa muuzaji ana hatimiliki ya kimila, aitoe ile halisi. Nakala hutunzwa kijijini na wilayani, kwa hiyo mnunuzi anaweza kulinganisha katika masjala ya kijiji na katika ofisi ya ardhi ya Halmashauri ya Wilaya ya Ngorongoro huko Loliondo. Muuzaji anayetoa fotokopi na kusema halisi "iko kwa ndugu" aulizwe kama ndugu huyo si benki au chama cha kukopeshana.

MAJI YA MFEREJI

Karatasi zote hizo zikikamilika bado kuna jambo ambalo halimo katika mkataba wowote wa kawaida, nalo ni maji.

Digodigo ni nchi ya Wabatemi, ambao vitabu vingi huwaita Wasonjo. Wao wamelima kwa umwagiliaji wa mifereji tangu zamani, na kwa sababu hiyo wamechunguzwa na wasomi. Kitabu cha Robert Gray kuhusu jamii hiyo kilichapishwa mwaka 1963, na umwagiliaji ndio kiini chake. Kwa mila yao maji ya chemchemi na mifereji husimamiwa na baraza la wazee waitwao wenamiji, na nafasi hizo hurithiwa ndani ya koo. Maji hutolewa kwa zamu. Wapo wenye haki ya kwanza ya zamu, na wapo wanaopata maji kwa kibali na malipo, ambayo katika mila ya zamani yalikuwa mbuzi.

Makazi ya asili ya Wabatemi yalikaa pamoja juu ya miteremko, na mashamba ya kumwagilia yakawa chini bondeni. Nyumba na shamba ni vitu viwili, mahali pawili, chini ya taratibu mbili. Mnunuzi anayeambiwa "nyumba hii ina shamba lake la mfereji" anapaswa kutenganisha mambo matatu: haki ya kiwanja cha nyumba, haki ya shamba, na zamu ya maji. Kumiliki kimoja hakuleti kingine. Shamba la bondeni bila zamu ni shamba la kungoja mvua, na bei yake haiwezi kuwa sawa na la jirani anayemwagilia.

Uchunguzi wake si mgumu, ila hauwezi kufanyika ofisini. Mnunuzi awaone wazee wanaosimamia mfereji husika, akifuatana na muuzaji na mwenyeji anayeheshimika. Aulize zamu ni ya nani, kama huhama na shamba au hubaki kwa ukoo, na mgeni hupewa maji kwa masharti gani. Majibu ya wazee yaandikwe na wao wawe mashahidi. Mkataba ulioandikwa na wakili bora wa Arusha hautafungulia maji mfereji ambao wazee hawajaukubali.

Vivyo hivyo kwa maeneo ya ibada. Wabatemi wana vichaka na mahali patakatifu ambapo hapajengwi wala hapakatwi miti. Kiwanja kinachopakana na mahali hapo kiulizwe mapema, maana mipaka yake haikuchorwa kwenye ramani bali iko katika vichwa vya wazee.

Kwa nyumba iliyo karibu na chemchemi au mto kuna sheria ya nchi pia. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka chanzo cha maji. Nyumba yenye mandhari nzuri ya maji, mita 30 tu kutoka ukingoni, ina tatizo ambalo rangi mpya haiwezi kulificha.

MIPAKA

Mipaka ya nyumba hukaguliwa kwa miguu, majirani wa pande zote nne wakiwepo. Jirani mmoja akikosekana, siku nyingine ipangwe. Kila kona iwekwe alama, vipimo viandikwe kwa mita na mchoro uambatishwe kwenye mkataba. Maneno kama "hadi mti mkubwa" hudumu hadi mti utakapokatwa.

Baada ya hapo kuna mipaka mikubwa zaidi ya uzio. Kama kijiji kina mpango wa matumizi bora ya ardhi, mnunuzi aone nyumba imeangukia wapi: makazi, kilimo, malisho au hifadhi. Tarafa ya Sale, ambamo Digodigo imo, iko nje ya Hifadhi ya Ngorongoro iliyoanzishwa mwaka 1959. Ndani ya hifadhi hiyo mfanyabiashara wa nje asifikirie kununua nyumba, na tangu Juni 2022 serikali imekuwa ikihamishia wakazi wake Msomera, Handeni. Hata nje ya hifadhi, ramani za Ngorongoro zimebadilika. Mwezi huohuo wa Juni 2022 kilometa za mraba 1,500 zilitangazwa kuwa Pori Tengefu la Pololeti, na mashauri yake yakafika mahakamani. Eneo hilo si Digodigo, lakini linaonyesha kwa nini swali la mpaka lipelekwe wilayani lijibiwe kwa maandishi.

Barabara nayo ina mpaka wake. Chini ya Sheria ya Barabara ya mwaka 2007, hifadhi ya barabara kuu na za mkoa ilipanuliwa kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Wengi wanakumbuka alama ya X nyekundu na X ya kijani kwenye kuta. Chumba kinachotazama njia, kile ambacho mnunuzi anataka kukifanya fremu, ndicho cha kwanza kupimwa kwa futi kamba. Tangu lami ya kilometa 49 ijengwe kati ya Waso na Sale, viwanja vya kando ya barabara katika ukanda huo vimepata wapenzi wengi, na ni hivyohivyo vinavyohitaji futi kamba zaidi.

JENGO LENYEWE

Kuhusu jengo maneno ni machache, kwa sababu hapa mnunuzi anaweza kumlipa fundi wa siku moja, ambaye si fundi wa muuzaji. Nyufa nyembamba za plasta hazitishi. Ufa unaopanda ngazi kwa ngazi kufuata viungo vya tofali kutoka kwenye msingi unatisha, hasa katika nchi ya Bonde la Ufa, jirani na volkano ya Oldoinyo Lengai. Kenchi zichomwe kwa kisu kutafuta mchwa. Mteremko uangaliwe: maji ya mvua yanatoka wapi na yanapita wapi? Ikiwezekana nyumba ikaguliwe mara mbili, mara moja wakati wa mvua. Kama kuna umeme, namba ya mita ya LUKU iangaliwe iko kwa jina la nani na kama inadaiwa.

HESABU

Sasa turudi kwenye sh. milioni 12. Muuzaji anasema vyumba na fremu vitaleta sh. 100,000 kwa mwezi, yaani sh. milioni 1.2 kwa mwaka, asilimia 10 ya bei. Hesabu hiyo ni ya muuzaji. Hesabu ya mnunuzi, kwa mfano, inaongeza matengenezo sh. milioni 1.5, safari na wakili sh. 600,000, na ushuru wa stempu wa asilimia 1, karibu sh. 120,000. Jumla ni sh. milioni 14.22. Vyumba vikikaliwa miezi 9 kwa mwaka, kodi ni sh. 900,000. Ukitoa sh. 150,000 za ukarabati hubaki sh. 750,000, ambayo ni asilimia 5.3 ya fedha iliyotolewa. Kwa kulinganisha, mwaka 2021 hatifungani za serikali za miaka 25 zilitolewa kwa riba ya asilimia 15.95 kwa mwaka, na mtu aliweza kuanza na sh. milioni moja. Anayenunua nyumba ili apate stoo yake ana sababu nyingine ya kununua. Anayenunua kwa ajili ya kodi peke yake aulize hesabu hiyo mara ya pili.

Na wapangaji wahesabiwe wa kawaida: walimu, wauguzi, watumishi, wafanyabiashara wa msimu. Jirani tu na Digodigo kuna Samunge, kijiji ambacho mwaka 2011 kilipokea maelfu kwa maelfu ya watu waliofuata kikombe cha dawa cha Mchungaji mstaafu Ambilikile Masapila, kwa sh. 500 kila kikombe. Mwezi Machi mwaka huo foleni ya magari ilihesabiwa kwa kilometa. Kwa macho ya mwekezaji kila kibanda kilionekana nyumba ya wageni. Foleni ikaisha, na mchungaji mwenyewe alifariki dunia Julai 2021. Aliyepiga hesabu ya kodi kwa umati wa Machi 2011 alikuwa amenunua foleni.

KUTOA FEDHA

Kodi ya faida itokanayo na mauzo, asilimia 10 ya faida kwa mkazi, ni ya muuzaji, isipokuwa pale sheria inapomsamehe. Iandikwe hivyo mkatabani, kwa sababu wauzaji wengi huikumbuka siku ya mwisho na kutaka wagawane. Ujira wa dalali nao uandikwe ni wa nani.

Fedha isitolewe yote kwa mkupuo, wala isitolewe kwa noti nyumbani kwa muuzaji usiku. Utaratibu unaofaa ni kishika uchumba kidogo kwa maandishi, chenye sharti la kurudishwa kama halmashauri ya kijiji itakataa. Sehemu kubwa ilipwe kwa benki baada ya muhtasari wa kikao kupatikana na mkataba kusainiwa mbele ya wakili, mwenzi wa muuzaji na majirani wakiwa mashahidi. Kiasi kinachobaki kilipwe siku ya kukabidhiwa nyumba ikiwa tupu, bila mpangaji wala binamu aliyeachwa "kwa muda" katika chumba cha nyuma.

Siku hiyohiyo mnunuzi abadilishe vitasa, na ndani ya wiki ile apeleke nakala za mkataba na muhtasari kijijini na Loliondo ili kuanza kuandikisha haki kwa jina lake. Akiombwa kurudi kesho, arudi kesho, na nakala yake aiombee mhuri wa kupokelewa.